Kufunga waya bonsai ya msprusi ukiwa Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina kitalu kidogo cha miche kando ya barabara, na kila Jumamosi hakosi mtu wa kunionyesha picha kwenye simu. Picha huwa ni ileile: bonsai, yaani mti unaofugwa ubaki mdogo chomboni; msprusi wa Japani ndani ya sinia, shina limenyooka, matawi yamening'inia kama mabega ya mzee aliyechoka, na juu yake nyaya za shaba zimezungushwa hadi kwenye vijiti vya mwisho. "Nataka kama huu." Nimechoka kueleza jambo moja mara ishirini kwa siku, kwa hiyo nimeyaandika.

Msprusi ni mti gani? Si ndio mti wa Krismasi?

Wa Krismasi ya Ulaya, ndiyo. Wa kwetu, hapana. Lile tawi linalouzwa barabarani mwezi wa Desemba ni la msaipresi (Cupressus lusitanica), mti ambao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Msprusi ni wa jenasi ya Picea, na jenasi hiyo nzima ni ya kaskazini mwa dunia: Norway, Siberia, Kanada, milima ya Japani. Afrika hakuna msprusi wa asili.

Wengi wetu mti wowote wenye majani membamba tunauita msonobari, tukamaliza. Ukitaka kuwa na hakika, chuma jani moja ulibingirishe kati ya vidole viwili. La msprusi linabingirika kama kijiti cha kiberiti kwa sababu lina pande nne. Kisha papasa kijiti kilichopukutika majani: kinakwaruza kama tupa, maana kila jani lilikalia kigingi kidogo ambacho hubaki pale pale. Majani ya msonobari hutoka kwa mafungu. Msaipresi mkubwa hauna sindano. Una magamba madogo yaliyolaliana.

Msprusi unaweza kuishi Nairobi?

Kwa muda. Niliwahi kuotesha mbegu za Picea abies (msprusi wa Norway) na zikaota bila shida, mwaka wa kwanza nikajiona bingwa. Mwaka wa tatu vichipukizi vikaanza kuchanganyikiwa: kimoja kinafumbuka leo, kingine baada ya miezi miwili, vingine havifumbuki kabisa. Wa nne miche ikafa mmoja mmoja, taratibu, bila ugonjwa wowote wa kuonekana kwa macho.

Sababu ni usingizi. Msprusi huhesabu mwaka wake kwa baridi na kwa urefu wa mchana. Mchana ukifupika, unafunga vichipukizi. Ukipata wiki nyingi za baridi karibu na kuganda, unajua majira ya baridi yamepita. Joto likirudi, vyote vinafumbuka pamoja. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Nayo baridi yetu ya Julai, ile inayotuvalisha sweta na kutuletea makohozi, usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kwa msprusi wa Norway hiyo ni hali ya kiangazi.

Ukitaka kuagiza mti hai kutoka nje, jua kwamba unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mmea haujaondoka huko uliko, pamoja na cheti cha afya ya mmea cha nchi unakotoka. Mbegu nazo zina kibali chake. Usifiche kitu kwenye sanduku la nguo.

Nikiuweka kwenye friji miezi miwili?

Nimeulizwa hivi na watu wazima wenye kazi nzuri. Mti haulali kwa kushtukizwa; huanza kujiandaa wiki nyingi kabla ya baridi kali kufika. Ukiutoa kwenye jua la Nairobi ukautia gizani kando ya maziwa na sukuma wiki, hujaupa majira ya baridi. Umeufungia.

Basi nijifunze kwa mti gani?

Msaipresi au mutarakwa. Ninapendekeza uanze na msaipresi kisha uhamie mutarakwa.

Msaipresi kwa sababu uko kila mahali na mche wake haukufilisi. Zaidi ya hapo, ziko nyua za zamani. Kiambu, Karen na Lavington watu wanang'oa nyua za msaipresi zilizokatwakatwa miaka thelathini ili wajenge ukuta wa mawe, na vile visiki vyenye shina nene lililopindapinda ndivyo wapenzi wa bonsai wanavyoviota usiku. Ukiona kazi hiyo inaendelea, simama umsalimie fundi. Angalia jambo moja tu: lazima kila tawi unalotaka kulibakiza liwe na majani mabichi. Msaipresi haurudishi chipukizi kwenye mti mkavu usio na jani, na katika hili msprusi hauko mbali nao. Ukikata hadi kwenye ukavu umeliua tawi.

Mutarakwa (Juniperus procera) ni mti wetu hasa, wa nyanda za juu kuanzia Aberdare hadi Mau, ndio mrefu kuliko junipa zote duniani. Bila shaka umewahi kuegemea nguzo yake, maana mbao zake hazipendwi na mchwa na nguzo za ua zimetengenezwa kwazo tangu zamani. Kwa bonsai, sifa hiyohiyo ni dhahabu: sehemu ya shina ukiibambua gome na kuiacha iwe mti mkavu mweupe, haiozi upesi. Ukiwa mchanga huwa na sindano zinazochoma; ukikomaa hutoa magamba. Usishangae kuona vyote viwili kwenye mti mmoja.

Miti hii miwili itakufundisha kila kitu cha kufunga waya ambacho msprusi ungekufundisha, isipokuwa uvumilivu wa mwisho. Nitalifikia hilo.

Naweza kuchimba mutarakwa msituni?

Hapana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kuondoa mmea msituni bila idhini. Nunua mche, au omba wa shambani kwa mtu.

Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mbona tawi langu ni bichi na bado linarudi lilikotoka?

Kwa sababu ubichi peke yake hautoshi. Ukilikunja tawi kuna mambo mawili yanayofanyika. Upande wa nje wa kona nyuzi za mti huvutwa na kuachana kidogo, nyufa ndogo usizoziona. Kisha mti, ukiendelea kukua, hujaza nyufa hizo na kujenga tabaka jipya la mti juu ya umbo lile jipya. Tabaka hilo ndilo linaloshikilia tawi. Waya ni plasta ya mfupa uliovunjika tu: kazi yake ni kulishikilia tawi lisitikisike mpaka mti wenyewe umalize.

Sasa msprusi ni mkaidi kwa sababu tawi lake lina mruko kama upinde. Unaweza kulilaza leo, ukalifunga mwaka mzima, ukatoa waya, nalo likanyanyuka robo ya safari mbele ya macho yako. Wanaoufuga huko kwao hufunga, hutoa waya, hufunga tena waya ukipita mahali pengine, miaka miwili hata mitatu kwa tawi moja. Msaipresi hushika upesi zaidi. Mutarakwa uko katikati, na tawi lililozidi unene wa kidole gumba usiliguse kama wewe ni mgeni.

Nitumie waya gani, na naupata wapi?

Waya wa alumini uliotengenezwa kwa bonsai ni laini na unasamehe makosa, ila hapa mjini haupatikani kila siku na bei yake huuma. Shaba ndiyo waya wa miti ya aina hii, na shaba iko katika kila hadwea.

Omba waya wa stima wa uzi mmoja mzima, si ule wa nyuzi nyingi zilizosokotwa. Muuzaji atakuuliza "wa ngapi?" Hapo wengi hukosea. Namba 1.5 au 2.5 anayoitaja si unene. Ni eneo la mkato kwa milimita za mraba. Wa 1.5 una kipenyo cha milimita 1.4 hivi, na wa 2.5 una milimita 1.8 hivi. Wa kwanza unafaa vijiti, wa pili unafaa matawi ya unene wa penseli. Kwa kitu kinene zaidi funga nyaya mbili sambamba, zikiwa zimelala bega kwa bega.

Ukifika nyumbani, chuna plastiki kwa kisu. Usiichome, tafadhali. Moshi wa plastiki ile una asidi ya kukwangua mapafu, na majirani watakuchukia kwa haki. Baada ya kuichuna, kunja waya mviringo mlegevu, ulaze juu ya jiko la makaa jioni giza likianza kuingia ili uione rangi. Ukigeuka mwekundu uliofifia, mzunguko wote, utoe kwa koleo. Utumbukize majini au uuache upoe wenyewe, kwa shaba ni mamoja. Utoke umelegea kama tambi. Na hapa ndipo utamu wa shaba ulipo: kila unapoupinda, unakuwa mgumu tena. Unaingia kwenye tawi ukiwa laini na unabaki pale ukiwa mkakamavu. Kwa hiyo usiupindepinde ovyo ukiwa mkononi, wala usijaribu kurudia zamu tatu kwenye tawi lilelile.

Waya mweusi wa kufungia vyuma vya ujenzi? Unatumika kuvuta tawi chini, hilo tu. Kwa kuzungushia ni mgumu, una kutu, na unatoka na gome.

Nionyeshe basi: ninaufungaje?

Siku mbili kabla usiumwagilie maji mengi. Tawi lenye kiu kidogo hukunjika vizuri kuliko lililoshiba. Safisha kwanza. Ondoa majani ya chini ya tawi na yale ya kwenye makwapa, ili waya upate njia bila kuyabana. Kwa msprusi kazi hii ni ya kuchosha kwa sababu sindano ziko pande zote, na anayeharakisha huishia na tawi lenye majani yaliyolazwa kama nyasi zilizolaliwa na mbwa.

Unene wa waya: theluthi moja ya unene wa tawi kama ni alumini, pungufu ya hapo kama ni shaba. Jaribio langu ni hili: shika waya na tawi pamoja, sukuma vyote kwa kidole. Waya ukikubali kabla ya tawi, ni mwembamba.

Urefu: mara moja na nusu ya tawi. Kata mrefu kidogo. Waya uliopungukiwa na inchi mbili ni waya uliopotea.

Waya mmoja hufunga matawi mawili. Chagua mawili yaliyo jirani, si yanayotazamana kwa kimo kimoja. Weka katikati ya waya nyuma ya shina, uzungushe shina angalau mara moja kati ya tawi na tawi, hapo ndipo nanga yako. Waya usio na nanga huzunguka na tawi, na hakuna kilichofanyika. Kama unataka tawi lishuke, waya uingie kwa kupita juu ya tawi pale linapotokea shinani. Ukiingilia chini, utalipasua kwapa.

Sasa mikono. Wa kushoto hausogei: gumba limekalia mzunguko uliokwisha kufungwa. Wa kulia unaleta waya mbele, ukiuegemeza kwenye gome kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukiwa wima mno kama chemchemi ya kalamu, hauna nguvu. Ukiwa umelala mno, unateleza. Mizunguko iwe na nafasi sawa. Waya uguse gome bila kulibana: ukipitisha karatasi na ikakwama, umekaza mno. Kisha gumba linasonga mbele hatua moja, na mzunguko mwingine. Ndivyo hivyo hadi kwenye kijiti cha mwisho, ambapo unarudisha ncha kidogo ili isikuchome jicho siku ya kumwagilia.

Usivushe waya juu ya waya. Si kwa sababu ya urembo peke yake. Pale nyaya zinapokatana ndipo gome huumia kwanza.

Kukunja ni mwisho kabisa, baada ya kila kitu kufungwa. Weka magumba mawili kwa pamoja upande wa ndani wa kona, vidole vingine vizunguke nje, na uhakikishe kuna uzi wa waya juu ya mgongo wa kona hiyo, upande unaovutwa. Sokota tawi kidogo kuelekea upande waya unakozungukia, halafu ushushe. Polepole. Sikiliza. Ukisikia mlio mdogo kama wa ganda la njugu, simama hapo hapo, usirudishe. Rudi mwezi ujao uongeze.

Kwa tawi nene, ninalivisha kwanza vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kama utepe, navivuta vikaze, ndipo waya unafuata juu yake. Wajapani hutumia nyuzi za mwale (rafia) zilizoloweshwa. Tyubu ya fundi wa baiskeli hunigharimu salamu.

Nianze na tawi lipi, na mti uwe na umbo gani?

Shina kwanza, kisha matawi manene ya chini, kisha kupanda juu. Kabla ya hapo zungusha mti kwenye meza mpaka upate uso wake: mizizi imetandaa vizuri upande gani, shina linapungua unene vizuri likitazamwa wapi. Nyingine zote ni kazi ya kufuata uso huo.

Msprusi mzee hushusha matawi kwa sababu ya uzito wa theluji ya miaka mingi, na ndiyo maana kwenye bonsai tawi linakunjwa kwenda chini papo hapo linapotoka shinani. Ukilishusha kwa upinde mrefu linaonekana kama mkono wa mtu anayesalimia. Ni umbo zuri, sikatai. Lakini mimi kwenye mutarakwa silifuati sana. Kiambu theluji haianguki. Nenda ukautazame mutarakwa mkongwe: shina lina mifereji, gome linabambuka kwa tepe ndefu, kilele kimevunjika na kupanuka, matawi mawili matatu yamekufa na hayajali. Ukitaka kutazama miti mingi ya majani membamba ikiwa imesimama pamoja bila kutoka mjini, nenda Arboretum ya Nairobi. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni wakati reli ilipokuwa ikila kuni za misitu yetu. Kaa chini ya mti mmoja nusu saa. Simu iweke mfukoni.

Ni wakati gani wa kufunga?

Ukisoma kwamba msprusi hufungwa majira ya baridi wakati umelala, tafsiri hiyo usiibebe hivi hivi. Hapa mimi hufunga kuanzia Juni mwishoni hadi Agosti, mvua za masika zikishapita na mawingu yakipunguza mwendo wa mti. Kubadilisha udongo nafanya Machi, masika yakigonga mlango. Kazi hizi mbili usizifanye mwezi mmoja kwa mti mmoja. Acha miezi mitatu au zaidi katikati.

Waya ukae kwa muda gani?

Swali hili ndilo linaloua miti mingi ya Nairobi. Maelezo yaliyoandikwa na watu wa nchi za msprusi husema mwaka, mwaka na nusu. Mti wao unakua miezi minne kisha unalala. Wa kwako haulali. Unanenepa Januari, unanenepa Juni, na mvua za vuli zikianza Oktoba unanenepa kwa hasira.

Mwaka mmoja nilifunga mutarakwa wangu bora Agosti, kazi safi, hata nikaupiga picha. Desemba nikaenda ushago, nikapitiliza hadi katikati ya Januari. Niliporudi, nyaya za kilele hazikuonekana. Gome lilikuwa limezimeza. Nilipozitoa, tawi lilibaki na alama za kuzunguka kama bolti. Ni miaka sita sasa na bado unaweza kuzihesabu kwa kidole.

Kwa hiyo: kwenye msaipresi angalia kila wiki kuanzia wiki ya sita. Kwenye mutarakwa kuanzia mwezi wa tatu. Anza na kilele na vijiti vya nje, huko ndiko kunakonenepa kwanza. Gome likianza kuvimba pande zote mbili za waya, siku ni leo. Kata kila mzunguko kwa koleo la kukatia, kipande kwa kipande. Usiufungue kwa kuuzungusha ati uutumie tena. Utavunja tawi ulilolilea mwaka mzima kwa ajili ya waya wa shilingi kumi. Tawi likinyanyuka, liache lipumue wiki kadhaa, kisha lifunge upya, waya upite mahali pengine.

Tawi limepasuka, nifanyeje?

Kama limeshikamana kwa nusu, lirudishe, libane kwa utepe wa tyubu, usiliguse miezi sita. Kama limening'inia kwa gome tu, libambue, libaki kipande cha mti mkavu. Ukiulizwa, sema ulikusudia.

Majani yanageuka kahawia baada ya kufunga. Ni waya?

Mara nyingi si waya. Uko wapi mti? Kama uko mezani sebuleni, ndilo jibu; mti huu ni wa nje, kwenye jua. Baada ya kuufunga weka kivulini wiki mbili au tatu, mbali na upepo, kisha urudi nje. Udongo nao: mfinyanzi mwekundu wa Kiambu au ule mweusi wa Embakasi hushika maji mpaka mizizi inazimika. Tumia changarawe ya jiwe jepesi la volkano na mchanga mkubwa, uliochekechwa vumbi likatoka.

Ikiwa kahawia inaanzia ndani ya kichaka na kutambaa nje, fungua matawi uangalie gome. Vidukari wa saipresi (Cinara) waliingia Kenya mwaka 1990 hivi na kuangamiza nyua na mashamba mengi, na mutarakwa pia wanaula. Wana rangi ya gome, kwa hiyo utaona utamu wao unaonata na masizi meusi kabla ya kuwaona wenyewe. Maji ya nguvu na sabuni ya maji, urudie kila siku tano.

Shosho yangu anasema nautesa mti. Ni kweli?

Mwambie shosho aje kitaluni, tutazungumza. Shosho wangu mwenyewe alikuwa akifunga mbuzi kwenye msaipresi, na alama ya kamba ipo mpaka leo. Mti uliofungwa vizuri, ukafunguliwa kwa wakati, huendelea kutoa vichipukizi. Ule uliosahauliwa kwenye waya ndio ulioteswa, na hapo niko upande wake.

Vipande vya shaba nivifanye nini?

Viweke kwenye mkebe, vikijaa uza kwa kilo. Mara ya kwanza nilipompelekea mnunuzi wa vyuma chakavu, alivimimina mezani, akaviangalia vimejikunja kama vipilipili vya nywele, akaniangalia mimi, akauliza taratibu ni transfoma ya mtaa gani. Siku hizi nabeba na mti mmoja mdogo wa ushahidi.